NAKURU NI VUMBI, SI FLAMINGO PEKEE

Nina jambo ambalo limenikereketa rohoni tangu mwaka jana, na wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Mimi nasema hili lipo, tena lipo ukutani kwetu.

Siku ya wazazi mwaka jana, Chama chetu cha Kiswahili kilitundika picha katika bwalo. Mlezi wa chama alitutaka kila mmoja alete picha moja aliyoipiga mwenyewe, na chini yake aandike sentensi mbili za Kiswahili sanifu. Zilikuja picha 21. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzibandika, kwa hivyo nilizihesabu. Tisa zilikuwa za flamingo. Tano zilikuwa za jua likizama. Tatu zilikuwa za kreta ya Menengai, zote zimepigwa kutoka pale pale wanaposimama wageni. Mbili zilikuwa za twiga. Moja ilikuwa ya mtoto wa jirani akilia. Na moja, nasema haya bila kumtaja mtu, ilikuwa picha ya kalenda iliyopigwa picha!

Usidhani nawacheka wenzangu. Katika zile tisa za flamingo, moja ilikuwa yangu. Niliipiga kwa kamera ya baba siku shule yetu ya msingi ilipotupeleka mbugani. Ndege wenyewe walikuwa mbali sana, wakatokea kama punje za mchele zilizotiwa rangi. Lakini niliileta tu, kwa sababu nilijua watu wakisikia Nakuru wanangoja flamingo.

Basi mzazi mmoja akapita na kikombe chake cha chai. Akautazama ukuta mzima kwa muda mfupi hivi, akamgeukia mwenzake akasema, "Hizi si ni zile zile za kila siku?" Kisha akaenda kutafuta mandazi.

Maneno yale yalinichoma kama pilipili. Yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mpiga picha akiishiwa na mambo mapya afanye nini? Wengi husema anunue kamera bora au asafiri mbali. Maoni yangu ni tofauti. Nasema akae na kitu kimoja kilicho karibu naye mpaka kimwonyeshe asichokijua, na yule anayempiga picha ampe heshima yake. Nitaeleza nilivyofika hapo.

Kwanza tuwape flamingo haki yao, maana mgala muue na haki umpe. Ziwa Nakuru liliwekwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968. Mwaka 1990 likawa la kwanza nchini Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani. Mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likatiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Kuna nyakati ambapo flamingo walihesabiwa zaidi ya milioni moja hapa, ufuo mzima ukawa waridi. Picha hizo zilienda ulimwenguni kote na zimewalisha wengi katika mji wetu.

Lakini ziwa lenyewe limebadilika. Flamingo mdogo hula mwani unaoota katika maji ya magadi. Kuanzia miaka ya 2010 maji yalipanda na kupanda, magadi yakapungua makali, na chakula chao kikapungua. Wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko. Siku nyingine wanarudi, siku nyingine hawapo. Maji yenyewe yalilifikia lango kuu la zamani la mbuga hata likabidi lihamishwe. Miti ya migunga imekufa wima ndani ya maji. Hayo yote yametokea mbele ya macho yetu, na sisi ukutani tumebandika kalenda! Ndege wamehama, sisi bado tunawapiga picha.

Sasa nikuambie habari za nyumbani kwetu. Baba yangu ni mpiga picha wa mtaani. Alianza mwaka 1994 akiwa kijana, na kituo chake ni Nyayo Gardens hapa mjini. Wakati ule filamu moja ilikuwa na picha 36. Ukifyatua moja umetumia pesa, iwe nzuri iwe mbaya. Wikendi watu walikuwa wakipanga foleni: wapenzi, akina mama na watoto wao wachanga, vijana waliotoka mashambani na suti mpya. Wote walisimama kando ya maua, mkono mmoja umeshika ua, uso umekazwa kama wa askari. Filamu ikiisha anaipeleka kuoshwa, na mteja anaambiwa arudi kesho kutwa.

Halafu simu zikaja zikiwa na kamera. Leo kila mtu anajipiga mwenyewe bure. Baba alinunua kamera ya dijitali na printa ndogo, akadhani atapona. Kuna siku anarudi nyumbani na wateja wawili tu, wote wa picha za pasipoti. Kuna siku anarudi mikono mitupu. Mama anauza mboga sokoni, na ukweli ni kwamba karo yangu ya muhula uliopita ilitoka kwa sukuma wiki, si kwa kamera. Mama husema waziwazi, "Baba nanii, uza hiyo kitu ununue hata mkokoteni. Picha hailiwi." Baba hunyamaza. Mimi na ndugu zangu hujifanya tunasoma.

Kwa hiyo, msomaji, ninapouliza mpiga picha akiishiwa afanye nini, siulizi kwa ajili ya mapambo. Nauliza kwa sababu swali hilo liko mezani petu wakati wa chakula cha jioni.

Baada ya ile siku ya wazazi nilimwendea baba. Nikamwambia nataka kupiga picha mpya kabisa, kwa hivyo aniazimie lenzi ndefu kutoka kwa rafiki yake. Baba akacheka. Akaniuliza, "Hiyo lenzi itakuonyesha nini ambacho macho yako yamekataa kuona?" Kisha akanipa kamera yake ya zamani pamoja na masharti matatu. La kwanza, nipige picha 12 pekee kwa wiki, bila kufuta hata moja, kama zamani za filamu. La pili, nipige kitu kimoja tu, nikichague mwenyewe. La tatu, nisitoke nje ya njia ninayopita kila siku kati ya nyumbani na shuleni. Na kwa vile vifaa kama hivyo haviruhusiwi shuleni, nipige asubuhi ya Jumamosi au jioni baada ya kurudi.

Niliona ananitania. Njia yetu ina nini? Kinyozi, kiosk, poshomili, fundi wa baiskeli, kanisa la mabati, shimo la takataka. Wiki ya kwanza nilichagua milango. Picha 12 za milango zilitoka, na zote zilikuwa milango tu, hazikusema kitu. Wiki ya pili nikachagua viatu. Zilikuwa afadhali kidogo, lakini baba alizitazama akasema, "Hizi umezipiga ukiwa umesimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Wiki ya tatu ilikuwa kiangazi na upepo ulikuwa mkali. Unajua mwenyewe vumbi la kwetu. Mwalimu wetu wa Jiografia aliwahi kutueleza kuwa jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, mahali pa vumbi. Kila siku nalipiga teke hilo vumbi, nalifuta viatuni, nalikohoa, wala sijawahi hata siku moja kulitazama. Nikasema, haya, kitu changu ni vumbi.

Jumamosi hiyo niliamka saa kumi na mbili na nusu. Mama jirani alikuwa akifagia uwanja wake, na jua la asubuhi likapita katikati ya vumbi aliloliinua. Nikachutama. Kwa mara ya kwanza niliuona mwanga kama kitu kinachoweza kushikwa. Yeye alikuwa kivuli cheusi na ufagio wake, na vumbi lilikuwa dhahabu. Mahali penyewe ni pale pale ninapopita tangu darasa la kwanza! Nilipiga moja tu. Mkono ulitetemeka kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na 11.

Tangu hapo vumbi likaanza kujitokeza kila mahali. Liko kwenye kope za makanga wa matatu jioni. Liko kwenye majani ya ua la michongoma, yamekuwa ya kahawia mpaka mvua inyeshe. Liko dirishani ambapo mtoto ameandika jina lake kwa kidole. Baba naye akanisimulia kuwa katikati ya miaka ya 1990 ziwa letu lilikauka sana, na upepo ukabeba vumbi jeupe la magadi mpaka mjini, watu wakafunga leso puani. Nikajifunza pia kuwa ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyoishi katika ziwa la kale. Yaani vumbi lile liliwahi kuwa ziwa, na ziwa letu liliwahi kukaribia kuwa vumbi. Ama kweli, nilianza na kitu cha kufutwa viatuni nikafika kwenye historia ya Bonde la Ufa nzima.

Sasa sikia mkasa wa poshomili. Mzee anayesaga mahindi pale hutoka jioni akiwa mweupe kutoka nywele hadi viatu. Nilimwona amesimama mlangoni, nyuma yake giza, yeye peke yake anang'aa. Nikafyatua bila kumuuliza. Akanikaripia mbele za watu. "Wee msichana, hiyo picha unaipeleka wapi? Unataka watu wanicheke nikikaa kama jini?" Nilisema pole, nikaondoka mbio mbio na aibu yangu. Kumbe macho hayana pazia, lakini kamera inafaa iwe nalo.

Nyumbani baba alinigombeza zaidi ya yule mzee. Akaniambia kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuondoka na uso wa mtu bila mwenyewe kukubali. Akaichapa ile picha kwa printa yake, akanituma nikampelekee mzee na kumwomba radhi. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Nilikosa. Picha ni yako. Ukitaka ichane, na kwenye kamera nitaifuta." Akaishika kwa ncha za vidole asiipake unga. Akaitazama sana. Kisha akasema polepole, "Miaka kumi na minane nasaga hapa. Sina picha hata moja nikiwa kazini." Leo picha ile imepigwa msumari ndani ya poshomili, juu ya mizani. Ukipita utaiona.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo. Watu wa mtaa wetu wana picha nyingi wakiwa wamevaa vizuri na kushika maua. Hawana picha wakiwa wao wenyewe. Simu zao zina selfi mia tatu, lakini hakuna anayeweza kujipiga mwenyewe mikono yake yote miwili ikiwa kazini.

Wala sidhani nimevumbua kitu. Wapo waliotangulia. Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Alianza kwa kutundika shuka lake la kitandani nyuma ya wateja, na nyingi kati ya picha zile hutazamwa leo katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Shuka la kitanda, msomaji! Jirani zetu wa Gulu, Uganda, nao wana studio moja ya mtaani iliyokuwa ikipiga picha kubwa ya mteja aliyeketi, kisha inakata uso pekee kwa ajili ya kitambulisho. Uso ukaondoka na mwenyewe, mwili ukabaki na dirisha tupu pale kichwa kilipokuwa. Mabaki hayo yalikuwa takataka mpaka mpiga picha Martina Bacigalupo alipoyaona, akayakusanya na kuyatoa katika kitabu mwaka 2013. Ukiyatazama unaona mikono, magoti, na koti moja la kuazima likiwa limevaliwa na watu tofauti. Unajua habari za mji mzima bila kuona uso wa mtu yeyote. Upya ulikuwa kwenye pipa.

Na hapa kwetu Kenya, Boniface Mwangi alipiga picha za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ghasia ambazo Januari 2008 ziliiumiza sana Nakuru yetu na Naivasha. Zilipokwisha kuchapishwa magazetini hakuziacha zilale. Mwaka 2009 alizipeleka barabarani katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, ili mwananchi wa kawaida asimame azitazame na ajiulize alifanya nini. Picha zilikuwa zile zile, lakini mahali pa kuzionyeshea palikuwa papya, na hapo zikafanya kazi nyingine.

Ona basi, katika hao watatu hakuna aliyeokolewa na lenzi ndefu. Mmoja alitumia alichokuwa nacho, wa pili aliokota kilichotupwa, na wa tatu alibadilisha mahali pa kutazamia.

Najua wapo watakaonipinga. Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne aliniambia, "Wewe unaongea tu. Flamingo ndiyo inauzika. Nani atanunua picha ya vumbi?" Hoja yake ina uzito, siidharau. Mtalii hatoki kwao kuja kuona makanga. Na kama flamingo wamefurika ufuoni asubuhi moja na wewe upo, piga tena piga sana. Kosa langu halikuwa kupiga flamingo. Kosa lilikuwa kupiga picha ambayo mtu mwingine alikwisha kuipiga vizuri zaidi, huku nikiacha ile ambayo ni mimi pekee ninayeweza kuipiga kwa sababu mimi ndiye ninayepita njia ile. Hata flamingo wana picha ambayo haijapigwa: ufuo wenyewe siku ambayo hawapo.

Wengine watasema kamera mbovu hutoa picha mbovu. Kweli, ile ya baba ina doa kwenye kioo na ikifika jioni inaanza kupiga ukungu. Lakini Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, yule aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko huko Addis Ababa mwaka 1991. Alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Nikikumbuka hayo naona haya kulalamikia doa.

Utauliza, baba je? Sitaki kukudanganya kuwa sasa tunaogelea katika pesa. Hadithi za namna hiyo tuwaachie watunzi wa riwaya. Lakini baada ya picha ya poshomili, fundi wa baiskeli aliomba yake. Kisha fundi cherehani, kisha mama wa samaki, ambaye alikataa katakata kupigwa kabla hajabadilisha leso. Siku hizi, Jumatano na Ijumaa, baba haketi bustanini kungoja. Anatembea na kamera na printa yake, anawauliza watu kazini kama wangependa, na anawachapia pale pale. Mwezi uliopita alileta nyumbani pesa ya kitabu changu cha Kemia. Mama bado anasema kamera iuzwe. Lakini juzi niliona amebandika picha ndani ya kabati la vyombo: yeye mwenyewe sokoni, amekunja sukuma wiki, anacheka na mteja. Sikusema neno. Nilifunga kabati polepole.

Kwa hivyo naleta pendekezo kwa Chama chetu na kwa mlezi wetu mheshimiwa. Siku ya wazazi ijayo tusilete picha moja moja za kuokoteza. Kila mwanachama achague kitu kimoja cha njia yake, akipige picha 12 bila kufuta, kisha alete mbili. Asiye na kamera aazime simu ya mzazi jioni. Akipiga uso wa mtu aombe ruhusa kwanza, na mwenye uso apewe nakala, hata kama itabidi tuchange pesa za kuchapa. Na wale waliopigwa tuwaalike waje wasimame mbele ya ukuta wetu pamoja na wazazi. Mzee wa poshomili ameshaniambia atakuja, tena atakuja na unga wake.

Kama kuna atakayeleta flamingo, sitamkataza. Ila nitamwomba aniambie, kwa sentensi mbili za Kiswahili sanifu, ni nini alichokiona yeye ambacho kalenda haikukiona.

Nachelea kukuchosha, msomaji wangu, na kengele ya jioni imelia. Naweka kalamu chini. Ukitoka hapo ulipoketi, kabla hujafuta viatu vyako, vitazame kwanza.

Mwanachama, Kidato cha Tatu